JINA KUBWA, BEI NDOGO

Mwezi huu tuseme juu ya nguo. Najua vijana watafungua macho, na baba fulani atapita haraka kwa ukurasa mwingine. Baba, ngoja kidogo: feza inayotoka ni yako.

Kule Ulaya na Marekani kuko mafundi wakubwa wa nguo. Koti moja yenye jina lao inaweza kupita mshahara wa miezi mingi wa mfanyakazi wa mugodi. Lakini mafundi hawa walianza kuchora nguo pia kwa maduka ya bei ya chini. Novemba 2004 Karl Lagerfeld, mchoraji mkubwa wa nyumba ya Chanel kule Paris, alichorea maduka ya H&M ya Sweden. Watu walipanga mistari mbele ya milango, na kwa saa chache maetajeri yakabaki matupu. Yeye mwenyewe alilalamika kwamba walishona nguo chache mno. Tarehe 13 Septemba 2011 jamaa ya Missoni ya Italia ilifanya vile vile na maduka ya Target ya Marekani. Wanunuzi waliingia wengi mara moja katika ukurasa wa intaneti wa duka, ukaanguka. Haikukawia, nguo zile zikawa zinauzwa tena kwa bei ya juu. Unaona? Bei ndogo ilitoka dukani, lakini ilikamatwa njiani na mlanguzi. Biashara hiyo sisi tunaijua tangu zamani.

Kuko mmoja aliyewatangulia, Mmarekani aliyeitwa Halston. Kofia ndogo ambayo Jacqueline Kennedy alivaa Januari 1961, siku bwana yake alipoapishwa kuwa rais, ilitoka kwake. Mwaka 1973 aliuza kampuni yake pamoja na jina. Mwaka 1983 akaanza kuchorea JCPenney, maduka ya watu wa kawaida. Bergdorf Goodman, duka la matajiri kule New York, likaondoa nguo zake: matajiri hawakutaka kuvaa jina moja na mke wa fundi wa magari. Na kwa kuwa jina halikuwa mali yake tena, mwishowe alikatazwa kuchora nguo kwa jina ambalo wazazi wake walimpa. Kijana, jina ni kitu kinachouzwa, na mwenye kuliuza hapati tena neno juu yake.

Utasema: "Pasta, hayo ni ya bazungu. Hapa Kaniama inatuangalia nini?" Mama, iko katika sanduku lako.

Kiwanda cha Vlisco kiko Helmond, Uholanzi, tangu 1846. Wax yake ndiyo ile tunaita "hollandais". Wanapaka utomvu pande zote mbili za pamba, wanaitia katika rangi, utomvu unapasuka na rangi inaingia katika nyufa ndogo. Ndiyo maana hakuna yadi inayofanana kabisa na ingine. Majina ya michoro mara nyingi wanatoa mama wauzaji, si kiwanda. Mchoro wa ndege na kizimba unaitwa "Ukitoka, na mimi natoka". (Mke wa mchungaji akinunua ule, tutazungumza nyumbani.)

Sasa kampuni hiyo hiyo iko na majina mengine: Uniwax kule Abidjan, GTP kule Ghana, na Woodin kwa vijana. Kwa kawaida bei yake iko chini ya ile ya Uholanzi. Hakuna uongo: jina lingine, kitambaa kingine, bei ingine. Halafu kuko wax ya China, kama Hitarget, ambayo bei yake inashuka zaidi. Hiyo pia siidharau. Imevalisha mama wengi ambao wasingeona mchoro mzuri maisha yao yote.

Ubaya ni pale muuzaji anapochukua kitambaa cha bei ndogo na kukuuzia kwa bei ya jina kubwa. "Ni ya kweli, mama, haichuyi!" Usibishane naye. Geuza kitambaa. Wax ya kweli rangi yake ni sawa pande mbili. Ile iliyopigwa upande mmoja, nyuma inabaki nyeupe-nyeupe. Soma maandiko ya pembeni, lakini usiyaamini peke yake, kwa maana na maandiko yanaigwa.

Jambo linalonisumbua ni moja. Inafika 8 Machi, ao arusi, ao sikukuu ya kwaya, komite inachagua kikwembe. Mama watatu wenye bwana zao kwenye kazi nzuri wanasema: "Hollandais tu!" Nusu piesi, ndiyo yadi 6, inatoa vikwembe 3, mjane hawezi hata kimoja. Hasemi kitu. Siku ile anabaki nyumbani, na tunauliza kama ni mgonjwa. Mwingine anakopa, na watoto wanafukuzwa masomo kwa deni.

Ninyi wa komite, kabla ya kuchagua, ulizeni kwanza bei ambayo mama wa mwisho anaweza, halafu mutafute mchoro ndani ya bei ile. Pale sokoni kuko mafundi wenye mashini ya kukanyaga kwa miguu. Uwapelekee picha ya kanzu ya Paris iliyokatwa katika gazeti, wanaiangalia kidogo, wanakupima kwa kamba, na siku ya posho unaivaa, hata kama kitambaa kilitoka China kwa treni ya Lubumbashi.