Kabla ya betri ya moyo, tuulize mashine ya ECG iko wapi

Mzee akianguka bafuni hapa Pwani, sababu hazikosi. Ni presha, ni sukari, amefunga bila kula daku. Wengine watasema ni upepo mbaya. Anayekosekana mara nyingi ni mtu wa kumshika mkono na kuhesabu mapigo yake dakika nzima.

Moyo una umeme wake. Huanzia chumba cha juu upande wa kulia, ukapita kituo kidogo cha katikati, kisha ukashuka vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Njia ile ikizibika kabisa, vyumba vya chini hubaki vikijipigia vyenyewe, pengine mara 30 au 40 tu. Ubongo unakosa damu, mtu anazimia bila onyo, na siku nyingine haamki.

Si kila hitilafu ni hatari. Kuna ya daraja la kwanza, umeme kuchelewa zaidi ya sekunde 0.20, ambayo kwa wengi haihitaji tiba. Ya daraja la tatu ndiyo inayoua. Kuzitofautisha kunahitaji ECG: mgonjwa analala, anabandikwa nyaya, na dakika chache baadaye karatasi inatoka. Shida ni kwamba hitilafu nyingine huja na kupotea, kwa hivyo karatasi safi ya leo haimalizi maneno kwa mtu anayezimia mara kwa mara. Huyo afungwe kipimo cha saa 24 au zaidi.

Na kabla ya kufikiria upasuaji, mfuko wa dawa ufunguliwe. Atenololi, verapamili na digoksini, ambazo wagonjwa wengi wa presha na moyo wanazimeza, zinaweza kupunguza mwendo wa moyo kupita kiasi. Figo zikishindwa, potasiamu hupanda na kuleta balaa hilo hilo. (Usiache dawa kwa uamuzi wako; zibebe zote umwonyeshe daktari.) Chanzo kisipokuwa hapo, ndipo mtu huwekewa pesimeka, ile betri ya moyo.

Bei ya betri ndiyo gumzo. Novemba 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa matokeo ya majaribio ya pesimeka zilizotumika, zikasafishwa upya, kwa karibu watu 300 katika nchi saba, Kenya ikiwemo. Zilifanya kazi sawa na mpya. Sisi wa mitumba hatuna haja ya kushtuka! Lakini huo ni utafiti, haujawa huduma ya kuendea hospitali ukaipata.

Tangu SHA ianze Oktoba 2024 tumebishana sana juu ya makato ya asilimia 2.75. Sawa, ni pesa zetu. Ila mzee wa Faza huvuka bahari kwanza kabla hajaiona barabara ya Mombasa, na anayemvusha anahitaji karatasi ya ECG mkononi, au picha yake kwenye simu imfikie daktari wa moyo mapema. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Vikao vya maoni ya bajeti vikiitishwa, swali la kumuuliza waziri wa afya wa kaunti ni fupi: mashine ngapi za ECG zinafanya kazi, zina karatasi, na usiku nani anajua kuzisoma?