Usimrukie anayezama, mrushie mtungi

Ikifika Desemba, ufuo wa umma wa Pirates, Mombasa, hujaa hadi pa kukanyaga hapana. Wewe na marafiki mmesafiri usiku kucha kutoka Nairobi, na mmoja wenu anaingia majini akijiamini kwa sababu aliogelea mtoni akiwa mdogo. Mara mkondo unamvuta. Anapiga mayowe. Utafanya nini?

Wengi wetu tungemrukia, na hivyo ndivyo kifo kimoja huzaa cha pili. Anayezama hajui rafiki wala adui. Atakukwea mabegani apate pumzi, nawe ndiwe utakayekwenda chini. Mrushie kitu kinachoelea: tyubu, au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko barabara. Ita waokoaji. Na ukivutwa wewe, usishindane na mkondo kurudi ufuoni moja kwa moja. Elea kwanza, kisha ogelea sambamba na ufuo hadi utoke kwenye mvuto wake.

Akishatolewa, tafadhali, asining'inizwe kichwa chini wala kubinywa tumbo ati maji yatoke. Kama hapumui, anahitaji kupuliziwa hewa mdomoni, kisha kifua kikandamizwe.

Haya yote hayahitaji bwawa la hoteli. Mwalimu aliyefunzwa, kamba na mtungi vinatosha kuanzia, hata kwenye uwanja wa shule. Lakini sisi husubiri msiba. Feri ya Mtongwe ilizama Aprili 29, 1994, watu 272 wakafa. Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia kutoka feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye, na miili yao ikaopolewa baada ya takriban wiki mbili. Kila mara tunauliza serikali iko wapi. Swali ni halali, ila aliye hatua chache kutoka kwa anayezama mara nyingi ni kijana kama wewe.

Wanaosingizia mila nao waangalie Nungwi, Zanzibar. Huko mradi wa Panje umewafunza wasichana kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa mavazi ya stara. Mombasa, mtoto anaweza kukulia jirani na bahari na asijue hata kuelea chali.

Basi ukishuka SGR Desemba hii, kabla ya selfi, mtafute kijana anayekodisha tyubu. Muulize maji yanajaa saa ngapi, na mkondo uko upande gani.