Bobari Hunoleka Bila Kinoo

Bonde la chini la Rufiji halina mawe. Mto umelijenga kwa tope, mchanga na mfinyanzi, mafuriko baada ya mafuriko, hadi yale ya Aprili 2024, na mkulima wa kata ya Mkongo anaweza kulima mpunga msimu mzima bila jembe lake kugonga jiwe. Miti ya kuchonga ipo: mninga, mkongo na mpingo kwenye misitu ya nchi kavu, mkomafi kwenye mikoko ya delta. Wateja nao hupita, maana barabara itokayo Ikwiriri kwenda Mloka, kuliko na lango la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, inapita hapo hapo Mkongo. Kijana mwenye jicho na mkono wa kuchonga hakosi cha kufanya. Anachokosa ni makali, na anayakosa kwa sababu ya maneno anayoambiwa na watu anaowaamini: fundi samani wa mtaani, muuza vifaa, mjomba aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam. Mengi ya maneno hayo si kweli, na yanamgharimu fedha na moyo wa kuendelea. Nayajibu hapa, na nazungumzia hasa patasi za mdomo wa mviringo, yaani bobari, kwa kuwa ndizo zinazosumbua watu. Patasi bapa karibu kila fundi anaimudu.

“Bila jiwe la kunolea la dukani hupati makali.”

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lenye msingi dhaifu zaidi. Kinachokata chuma ni chembe ngumu kuliko chuma chenyewe, zilizoshikamanishwa pamoja. Umbo la jiwe ni namna moja tu ya kuzishikilia. Vinoo vingi vya viwandani hutengenezwa kwa oksidi ya alumini, au kwa silikoni kabaidi, ile aliyoivumbua Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891. Chembe hizo hizo ndizo zinazobandikwa kwenye karatasi ya msasa. Msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia wapaka rangi magari, ni silikoni kabaidi juu ya karatasi isiyoharibika ikilowa. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs chembe hizo ziko 9 na zaidi, na chuma cha patasi iliyokomazwa vizuri hakifiki 8. Chuma hakijui kama kinasuguliwa na jiwe au na karatasi.

Nakubali jambo moja. Kinoo hudumu miaka, karatasi huchakaa. Anayechonga kila siku, asubuhi hadi jioni, atafika mahali ambapo jiwe ni nafuu kuliko misasa, na huyo anunue. Lakini anayeanza asisubiri, kwa sababu karatasi moja ya msasa bei yake haipishani sana na soda, nayo hukatwa vipande vinne au sita.

“Msasa ni wa mbao. Kwenye chuma unachanika tu.”

Anayesema hivi mara nyingi amejaribu kweli, na msasa ukamchanikia kweli. Tatizo ni namna alivyoushika. Msasa ulioshikwa kwa vidole hujipinda na kufuata ncha, kwa hiyo badala ya kunoa unaviringisha makali. Na aliyesukuma patasi mbele, kama anayeranda, aliikata karatasi kwa ncha ile ile aliyotaka kuinoa. Msasa unataka kitu kigumu na bapa chini yake, na patasi inataka kuvutwa nyuma.

Kitu kigumu na bapa kuliko vyote vinavyopatikana kijijini ni kioo cha dirisha. Omba kipande kwa fundi vioo, kiwe upana wa daftari, ukisugue kingo zake kwa msasa chakavu zisije zikakukata. Mwagia maji kidogo, laza msasa wa maji juu yake. Utashika wenyewe bila gundi. Kama ncha ina mapengo anza na namba 180 au 240. Kama imechoka tu, anza na 400. Kisha 800, kisha 1200, na ukipata 2000 malizia nayo.

Sasa mkono wenyewe. Weka mshazari wa bobari, yaani ule mteremko wa nje unaoishia kwenye makali, ulale wote juu ya karatasi. Kabla ya hapo upake wino wa maka peni, uwe mweusi mzima. Vuta patasi kuelekea kwako huku ukiiviringisha polepole kwa kifundo cha mkono, ianze kugusa kwa pembe ya kushoto na imalizie kwa pembe ya kulia. Inua, rudi, vuta tena. Baada ya mivuto michache tazama wino. Ukifutika karibu na ncha tu, umeinua mkono mno. Ukifutika nyuma tu, umeulaza mno, na makali hayajaguswa hata kidogo. Ukifutika kwenye pembe na kubaki katikati, unaviringisha kupita kiasi. Endelea hivyo na pembe zitaliwa hadi mdomo wa bobari uchongoke katikati. Wino huo unafundisha kuliko maelezo ya mtu yeyote, na ningependa kila anayefundisha useremala aanze nao.

Usihamie namba inayofuata mpaka uhisi kitu kimoja: unyuzi mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa ndani, kwenye mfereji. Pitisha ncha ya kidole kutoka ndani ya mfereji kuelekea nje, kamwe si kufuata urefu wa makali, utausikia ukikwaruza. Ukiwepo kuanzia pembe hadi pembe, upande wa nje umefika. Ukikosekana mahali, hapo bado ni butu, na namba laini hazitasaidia. Wengi wanaolalamikia msasa wameruka hatua hii.

“Mdomo wa mviringo unataka jiwe la mviringo.”

Kwa upande wa ndani wa bobari hoja hii inaelekea kuwa kweli, maana kioo bapa hakiingii kwenye mfereji. Lakini msasa unaingia popote. Uzungushe kwenye kijiti, kwenye kalamu, kwenye msumari mnene, chochote chenye unene unaokaribia mviringo wa ndani, kisha ukilaze sambamba na mfereji na uvute kutoka ndani kwenda nje mara chache tu. Kazi yake ni kuondoa ule unyuzi. Usiinue kijiti, utazaa mshazari wa pili upande usiotakiwa.

Kuna njia ambayo jiwe la dukani haliwezi kuifikia, nayo ni kuifanya bobari ijitengenezee kinoo chake. Chukua kipande cha mti laini kiasi, mwembe au msufi, na kwa bobari yenyewe chimba mfereji ulionyooka kufuata nyuzi za mti. Mfereji huo una mviringo wa patasi hiyo, si wa nyingine. Pembeni yake chonga tuta jembamba linaloingia ndani ya mdomo. Paka kote kompaundi ya kung'arishia magari, ile ya mafundi rangi, pamoja na tone la mafuta. Vuta mshazari ndani ya mfereji, kisha geuza na uvute upande wa ndani juu ya tuta. Kwa mivuto kama kumi hivi chuma kinaanza kung'aa kama kioo. Mwenye bobari tano atachimba mifereji mitano kwenye ubao mmoja na kuandika namba kando ya kila mmoja. Mawe ya mviringo huuzwa kwa saizi chache, na mara nyingi hakuna inayolingana na patasi iliyofuliwa na mhunzi wa hapa.

Watu huuliza kama dawa ya meno inafaa badala ya kompaundi. Haifai. Nyingi zina chokaa laini, iliyotengenezwa makusudi isikwaruze meno. Majivu ya pumba za mpunga ni afadhali, na Rufiji hayana bei: sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, ndiyo maana yanatakatisha sufuria. Yachekeche kwa kitambaa, yachanganye na mafuta, yatang'arisha makali ambayo tayari yamenolewa. Yasitarajiwe kunoa patasi butu.

Halafu kuna wanaosema jani la mti wa msasa litafanya kazi yote, kwa kuwa wazee walilitumia. Walilitumia kulainisha mbao, na kwa mbao linafaa hadi leo. Kwa chuma kilichokomazwa ni dhaifu mno. Sakafu ya saruji nayo hunoa panga na jembe, hilo nani hajaliona, lakini mchanga wake ni mkubwa na hauko sawa. Ncha ya bobari itatoka na meno. Itumie tu kama patasi imevunjika na unataka kuanza upya, kisha uende kwenye kioo na msasa.

“Peleka kwa mwenye grenda, dakika moja kwisha.”

Dakika moja inatosha kuiua patasi. Diski ya grenda ndogo huzunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika, na joto lote hukimbilia mahali chuma kilipo chembamba, yaani kwenye makali. Chuma kilichokomazwa huonyesha joto kwa rangi: karibu nyuzi 220 za Selsiasi kinakuwa na njano hafifu, 280 zambarau, 300 bluu. Patasi ya mbao hukomazwa iishie kwenye njano. Ukiona bluu kwenye ncha, ugumu umeshaondoka hapo, na kuichovya majini baada ya rangi kutokea hakurudishi kitu. Itakata siku hiyo, kesho itakuwa butu, na kijana ataambiwa tena kwamba anahitaji jiwe. Nimeshika patasi nyingi nzuri za namna hiyo, zimeharibiwa kwa nia njema. Dawa yake ni kusugua kwa mkono hadi sehemu yote yenye bluu iishe, na hiyo si kazi ya dakika moja.

“Mpingo unataka nguvu, si makali.”

Mpingo ni mzito kweli. Mita ya ujazo hufika kilo 1,200 hivi, na ukiutupa majini unazama. Lakini tazama vinyago vya ujamaa vya Wamakonde, mtindo unaohusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani: watu waliopandana hadi juu, mikono iliyopenya kati ya miguu, nafasi wazi ndani kabisa ya gogo. Pigo la nguvu lenye patasi butu lingepasua mkono mmoja na kuharibu kazi ya wiki nzima. Kazi ile imefanywa kwa makali. Na patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu haiingii kwenye mti, inateleza, na mkono wa kushoto uko mbele yake.

Ambacho mpingo unadai ni pembe tofauti. Mshazari wa nyuzi 20 unapita vizuri kwenye mti laini, lakini kwenye mpingo ncha nyembamba hivyo humeguka. Panda hadi 25, hata 30. Huna kipimo? Kunja kona ya karatasi ya daftari iwe sehemu tatu zilizo sawa, utapata nyuzi 30. Isimamishe kando ya patasi ulinganishe. Kwa mwenye bobari moja tu ya miti yote, ainoe kwa 25.

“Ukinoa kila mara, patasi itaisha.”

Kinachoimaliza patasi ni kuiacha iwe butu kabisa, halafu kuanza tena na namba 180 au kuipeleka kwenye grenda. Anayeipitisha kwenye mfereji wa kompaundi au kwenye kipande cha mkanda wa ngozi kila anapopumzika haondoi chuma cha kuonekana kwa macho. Ataufuata msasa mara chache tu. Kujua wakati umefika, elekeza ncha kwenye jua: makali mazuri hayarudishi mwanga, makali butu huonyesha mstari mweupe. Kisha kata kwenye kichwa cha mti, kukatisha nyuzi. Bobari kali huacha kovu linalong'aa. Iliyochoka huacha manyoya. Na kwa sababu umefanya kazi na maji, ifute na uipake mafuta ya nazi kabla ya kuiweka, hasa kule Nyamisati na delta ambako upepo una chumvi.

Limebaki dai ambalo husemwa mwishoni, baada ya mtu kufanya yote haya na patasi ikafa makali kwa mara ya pili siku hiyo hiyo: “Si nilikwambia, hukutumia jiwe.” Hapo kosa liko kwenye chuma. Chukua tupa na uisugue karibu na ncha. Ikiteleza bila kushika, chuma kimekomaa, rudi ukaangalie pembe na ule unyuzi. Tupa ikila chuma kwa urahisi, patasi ni laini, na hakuna jiwe duniani litakaloiponya. Patasi nyingi za bei ya chini ziko hivyo, na zilizofuliwa kwa nondo ndivyo zilivyo, kwa kuwa nondo haina kaboni ya kutosha kukomaa. Mpelekee mhunzi kipande cha springi ya gari au tupa iliyokwisha, akufulie bobari. Aikunje mdomo, aipashe moto hadi sumaku isiishike tena, aizamishe kwenye mafuta, kisha aipashe taratibu hadi ionyeshe njano hafifu na aiachie hapo. Hiyo ndiyo uipeleke kwenye kioo na msasa namba 240.