Umeme Unapopotea, Je, Tasnifu Nayo Ipotee?

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalishia umeme cha Gitaru, na karibu Kenya nzima ikatumbukia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili huyo alinusurika. Aya ambazo wanafunzi walikuwa hawajazihifadhi katika tarakilishi zao hazikunusurika. Tarehe 25 Agosti 2023 giza kama hilo liliikumba nchi tena, hata sehemu za uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta zikazimika. Hayo ni matukio yaliyotangazwa. Yanayomsumbua zaidi mwanafunzi anayeandika tasnifu katika chumba cha kupanga ni yale yasiyotangazwa: nyaya zinazogusana mvua inyeshapo, au transfoma ya mtaa inayozidiwa jioni, kila nyumba inapopika na kupiga pasi.

Aghalabu ushauri anaopewa ni kununua kile kisanduku cha betri ambacho wauzaji hukiita yupiesi. (Tarakilishi imepata jina la Kiswahili, walau nchini Kenya, kwani Watanzania wameshikilia kompyuta, kisanduku kinachoiokoa bado kinangoja lake.) Ushauri huo si mbaya, ila hutolewa bila hesabu. Kisanduku kidogo cha kawaida huwa na betri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, upate wati-saa 84. Tarakilishi ya mezani pamoja na kiwambo chake ikitumia wati 120, karatasi itasema dakika 42. Lakini betri ya risasi inayonyonywa kwa kasi haitoi kiasi chote kilichoandikwa ubavuni mwake, na kiasi kingine hupotea umeme huo unapogeuzwa kuwa wa volti 240. Zinazobaki ni dakika 10 hivi, au 15 betri ikiwa mpya. Baada ya miaka 3 au 4 betri huwa imechoka, na kisanduku hulia mara moja kisha kikanyamaza pamoja na tarakilishi yenyewe.

Kwa hiyo anayekinunua ili aendelee kuandika sura ya nne gizani hajaielewa kazi ya chombo hicho. Kazi yake ni kumpa mwandishi muda wa kuhifadhi faili na kuizima mashine kwa utaratibu. Mlio wa kwanza ukisikika, ahifadhi. Wa pili asiungoje. Wapo hata wanaochomeka hapo printa ya leza, ambayo hufyonza mamia ya wati inapopata joto. Hao hujizimia wenyewe. Fauka ya hayo, umeme unaporejea huweza kuja na mshtuko unaounguza vifaa. Ni busara kuchomoa nyaya na kusubiri dakika chache, hata watoto wa ploti wanapopiga kelele kwamba stima zimerudi.

Mwenye nafasi ya kuchagua afadhali anunue kipakatalishi kilichokwisha kutumika, mradi betri yake iwe nzima. Mashine kama hiyo hutumia wati 15 hivi mtu anapoandika tu; betri ya wati-saa 45 itamfikisha saa 3.

Hata hivyo, betri hulinda mashine, wala haihifadhi kazi iliyomo. Diski ikiharibika umeme ulipokatika katikati ya kuandikwa kwa faili, kisanduku kipya hakitairudisha. Katika taaluma ya fasihi simulizi hasara hiyo ina uzito wa pekee. Sura iliyopotea huandikwa upya, kwa machungu lakini huandikwa. Bibi aliyesimulia ngano kule Kwale, akafariki mwaka uliofuata, harekodiwi tena. Mtafiti hutakiwa awe na kibali, barua ya utambulisho na hojaji iliyoidhinishwa kabla ya kwenda nyanjani. Ni nadra aulizwe rekodi zake zitalala wapi atakaporudi. Idara za Kiswahili hazina budi kuliuliza swali hilo mapema, na msimamizi akatae kuijadili sura ya kwanza ya uchanganuzi kabla nakala moja ya sauti zote kukabidhiwa idara na nyingine kuwekwa mbali na chumba cha mwanafunzi. Diski mweko inayotosha rekodi za miezi kadhaa huuzwa kwa bei iliyo chini ya nauli ya basi kutoka Nairobi hadi Lamu.