Vyama viwili vya hoki, barafu moja
Minnesota, Marekani, hoki ya barafuni ya watoto huendeshwa na vyama vya mitaa. Mtoto huchezea chama cha anakoishi au anakosoma. Hapo ndipo vyama jirani vidogo hukwama. Timu huingiza wachezaji sita barafuni, kipa akiwemo, lakini zamu ni ya dakika moja hivi, kisha wengine huingia, kwa hiyo huhitaji watoto kama 15. Chama chenye tisa wa rika moja hakina timu; kikiungana na jirani mwenye wanane, ipo. Wazazi huhofia umbali na jina la mtaa kupotea. Umbali ni hoja. Jina si hoja: jezi hushonwa upya. Basi walio na miaka 8 au chini, wanaocheza kwenye kipande tu cha uwanja, wabaki karibu na kwao, na wakubwa waunganishwe msimu ujao.