Kanuni za ardhi zisiwe ukuta wa kuwatenga wazee

Kwa majuma matatu sasa mtaa ninamoishi, pembezoni mwa jiji la Nairobi, umegawanyika makundi mawili yasiyoamkuana. Chanzo cha ugomvi huu si siasa wala dini, bali ni kibao kilichotundikwa langoni mwa makao ya wazee yaliyo jirani nasi. Kibao hicho kinawaarifu wapitao kwamba wenye makao wameiomba serikali ya kaunti idhini ya kubadilisha matumizi ya ploti ya pili waliyoinunua, kutoka nyumba ya familia moja hadi majengo ya kuwatunza wastaafu. Makao hayo yana wazee 24. Wenyewe wanataka nafasi za wengine 40, pamoja na zahanati ndogo.

Jioni moja kamati ya wakazi ilinijia nyumbani. "Daktari," akasema mwenyekiti, "wewe ni mtu wa lugha. Tuandikie barua ya pingamizi, nasi sote tutatia saini." Niliwaomba muda wa siku mbili. Siku ya tatu nikakataa. Naona ni wajibu wangu kueleza hadharani kwa nini nilikataa, maana jambo hili si la mtaa wetu peke yake.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kibao chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Kiini chake ni istilahi moja ambayo katika mazungumzo ya kawaida humaanisha mtu anayekitumia kitu, ilhali katika sheria ya ardhi humaanisha matumizi yenyewe. Majirani zangu, ambao wengi wao wamesoma, waliielewa kuwa ardhi itapata mtumiaji mpya. Kufikia Ijumaa ilikuwa imevuma kwamba ploti imeuziwa tajiri fulani. Kufikia Jumapili ilisemekana kwamba panajengwa nyumba ya kuhifadhia maiti. Uvumi wote huo ulizaliwa na neno moja. Naye mama mboga ambaye kibanda chake kinatazamana na lango lile, na ambaye huenda akawa wa kwanza kuhamishwa barabara itakapopanuliwa, hakuambulia hata sentensi moja.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatamka wazi kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nayo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba idhini ya ujenzi kuujulisha umma na kuwaalika wananchi watoe pingamizi zao. Je, umma umejulishwa nini iwapo haukuelewa? Anayeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua hajaambiwa kitu, hata kama kibao ni kikubwa kama mlango.

Wapo wanaoshikilia kwamba kanuni ni kanuni: eneo lililotengewa nyumba za familia moja moja libaki hivyo milele. Hoja hii inasahau historia. Mgawanyo wa maeneo ya Nairobi ni kazi ya binadamu, tena binadamu waliokuwa na makusudi yao. Wakati wa ukoloni Wazungu walijitwalia vilima vya magharibi, Waasia wakatengewa sehemu kama Parklands na Ngara, na Waafrika wakasukumwa mashariki, katika mitaa kama Pumwani na Kaloleni. Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi uliondolewa katika kanuni, lakini ukubwa wa ploti na idadi ya nyumba zinazoruhusiwa viliendelea kuwatenganisha wenye nacho na wasio nacho. Ikiwa tuliweza kuondoa kilichokuwa cha dhuluma, hatuwezi kudai leo kwamba kilichobaki ni kitakatifu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Jirani mmoja mwenye hekima aliniambia, "Mila zetu hazijui makao ya wazee. Mzee hutunzwa na wanawe." Naafiki kwamba hilo ndilo la kutamanika. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 waliofikisha umri wa miaka 60 na zaidi. Si wote wenye watoto. Na wenye watoto, si wote ambao watoto wao wana nafasi katika nyumba ya vyumba viwili ya kupanga. Walimu wanalijua hili kuliko wengi. Tangu mwaka 2009 umri wa kustaafu katika utumishi wa umma umekuwa miaka 60, badala ya 55 iliyokuwapo awali. Mwalimu aliyeishi miaka mingi katika nyumba ya shule hutakiwa kuihama akistaafu. Aliyejaliwa kujenga huenda kwake. Asiyejaliwa, na ambaye mwenzake amefariki, aende wapi? Kifungu cha 57 cha Katiba kinamhakikishia mzee haki ya kuishi kwa heshima, kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia yake na Serikali. Haki hiyo haiwezi kuelea hewani. Lazima iwe na paa, na paa huhitaji ardhi iliyoruhusiwa.

Mwingine akatoa shauri kwamba wazee wajengewe mji wao mbali, kama inavyofanywa Marekani. Mfano huo ni wa kweli, lakini una funzo ambalo hakulitaja. Mnamo Januari 1960 katika jimbo la Arizona ulifunguliwa mji wa wastaafu uitwao Sun City. Viwanja vya gofu vilikuwapo, maduka yalikuwapo, watoto hawakuwapo. Haukupita muda wakazi wake wakaanza kupiga kura dhidi ya mikopo ya kujengea shule za eneo lao, kwani hawakuwa na mtoto wa kumpeleka huko. Walikataa mara baada ya mara, hadi katika miaka ya 1970 mji wao ukaondolewa katika wilaya ile ya shule. Siwalaumu wazee wale. Aliyetengwa na watoto atawezaje kuona uchungu wa shule? Ninachosema ni kwamba tukiwapeleka wazee wetu mbali na macho yetu, hasara haitakuwa yao pekee.

Katika makao haya ya jirani anaishi mwalimu aliyenifunza ngeli za Kiswahili nikiwa darasa la sita. Kila alasiri hukaa kwenye benchi karibu na lango, nao watoto wa shule ya msingi iliyo karibu humsomea insha zao wakielekea nyumbani. Nilipokwenda kumpa shikamoo na kumweleza ugomvi wetu, nilikuta keshausikia. Alikuwa amekitafsiri kibao kile yeye na wanafunzi wake, kwa mwandiko safi, katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari: ploti gani, jengo gani, la orofa ngapi, na pingamizi zipelekwe wapi. Waliibandika karatasi hiyo chini ya kibao. Siku hiyo, aliniambia, mama mboga alivuka barabara akauliza swali la kwanza la maana kuhusu mradi mzima: maji taka yatakwenda wapi? Kesho yake karatasi ilibanduliwa kwa sababu haikuwa rasmi.

Swali la mama mboga ndilo linalonirudisha upande wa majirani zangu, maana si kila pingamizi ni chuki. Mtaa wetu hauna bomba la maji taka. Kila nyumba ina shimo lake. Kisima changu mwenyewe hakiko mbali na ploti hiyo. Wakazi 40 zaidi, wauguzi wao, jiko na dobi ni mzigo ambao ardhi ya nyumba moja haikukadiriwa kuubeba. Barabara nayo ni nyembamba, na gari la wagonjwa halitangoja malori ya mchanga yapishane. Anayeyadharau haya kwa kuwa wazee wanastahili huruma hawatendei wema wazee wenyewe, kwani wao ndio watakaoyanywa maji hayo.

Kwa hiyo niliandika barua, lakini si ile niliyoagizwa. Niliiomba kaunti mambo manne. Kwanza, tangazo litolewe upya kwa Kiswahili na Kiingereza, na muda wa kupokea maoni uhesabiwe tangu siku hiyo. Pili, idhini itolewe kwa sharti kwamba mtambo wa kusafisha maji taka ukaguliwe kabla mzee wa kwanza hajahamia. Tatu, ruhusa ifungamane na utunzaji wa wazee pekee; makao yakifungwa, ardhi irudie matumizi yake ya awali, isije ikageuzwa baa au nyumba za kulala wageni. Nne, ambalo naliona kubwa kuliko yote, kaunti iandike katika mpango wake wa maeneo ni wapi na kwa masharti gani makao ya wazee yanaruhusiwa katikati ya mitaa ya makazi. Idhini za mmoja mmoja, zinazotolewa kimyakimya ofisini, ni mlango wa hongo. Leo mlango huo utafunguliwa kwa ajili ya wazee, kesho kwa mwenye kiwanda. Kanuni iliyo wazi humlinda mzee na jirani yake pia.

Asiyeridhika na uamuzi ana njia ya haki. Sheria ya 2019 inampa siku 14 kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango, na baada ya hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini njia hiyo nayo ni ya anayeelewa kilichoamuliwa.

Kwa walimu wenzangu na wanafunzi nina ombi moja. Magazeti yetu huchapisha matangazo ya namna hii mara kwa mara. Yakateni, yapelekeni darasani, yatafsirini, kisha yasomeni kwa sauti nyumbani na sokoni. Hilo ni zoezi la lugha lenye faida kuliko sentensi nyingi za vitabuni. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Sisi tunaobishana leo kuhusu lango la wazee tuko njiani kuelekea lango hilohilo, na kanuni tutakazoziandika ndizo zitakazotufungulia au kutufungia.