Fedha Zipokelewe, Klabu Isiuzwe: Wito kwa Wakazi wa Kigwena na Mwambao wa Rumonge

Raga, yaani mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao wachezaji huubeba mikononi na kupasiana kwa nyuma huku wakisonga mbele, wakiwa 15 kila upande au 7 katika mtindo wake mfupi, bado ni mgeni katika vijiji vya mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ambako soka ndiyo inayojaza viwanja na kuzua ubishi wa jioni. Ugeni huo usiwafanye wakazi wa Kigwena wadhani kwamba swali la nani amiliki klabu ya raga haliwahusu. Burundi ina shirikisho lake la raga, lililo mwanachama wa Rugby Africa, chombo kinachosimamia mchezo huo barani. Mtindo wa watu 7 umo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Na mchezo unaohitaji mpira mmoja, uwanja na vijana wenye mbio na kifua hautakawia kushuka kutoka Bujumbura hadi Rumonge kwa barabara ya kitaifa namba 3. Utakapofika na klabu ikaanza kupata jina, huenda akatokea mtu mwenye fedha ambaye tayari ana timu ya soka, naye akasema kwamba yu tayari kuinunua. Jibu la wakazi linapaswa kuandaliwa sasa, klabu ikiwa bado haina bei, kwa sababu wanaoanza kujadili umiliki baada ya tajiri kuweka fedha mezani huishia kujadili kiasi tu.

Jambo hilo lilikwisha kutokea mahali pengine, na mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Uingereza. Mwezi Agosti 1995 raga ya watu 15, ambayo kwa zaidi ya karne moja ilikuwa imewakataza wachezaji wake kulipwa, iliruhusiwa kuwa kazi ya ujira. Wiki chache baadaye Sir John Hall, mfanyabiashara aliyejenga kituo kikubwa cha maduka cha MetroCentre na ambaye tayari alikuwa akiimiliki timu ya soka ya Newcastle United, aliinunua klabu ya raga ya Gosforth, iliyoanzishwa mwaka 1877 na iliyokuwa imetwaa kombe la Uingereza mara mbili mfululizo, mwaka 1976 na 1977. Alimwajiri Rob Andrew, mchezaji mashuhuri wa timu ya taifa, akafungua mkoba, na klabu ikapewa jina jipya la Newcastle Falcons. Matokeo yalikuja upesi, kwani klabu ilipanda daraja mwaka 1997 na mwaka uliofuata ikawa bingwa wa Uingereza. Ni haki kukiri kwamba bila fedha za Hall ubingwa huo usingepatikana, na yeyote anayewashauri wananchi wamkatae tajiri bila kulitaja hilo anawaficha nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba muongo ule haukwisha kabla ya Hall kuondoka. Ndoto yake ya kuweka soka, raga, mpira wa kikapu na magongo ya barafu chini ya paa moja la jiji ilivunjika, na klabu ya raga ikatafutiwa mwenyewe mwingine. Imeshuka daraja zaidi ya mara moja tangu wakati huo, na mwaka 2025 ilinunuliwa na kampuni ya vinywaji ya Red Bull, ikabadilishwa jina tena. Jina la Gosforth, ambalo wachezaji wasiolipwa walilibeba kwa zaidi ya karne, halimo tena katika ligi kuu.

Kilichoiponza Newcastle hakikuwa ubaya wa mtu mmoja. Klabu ya raga inapowekwa ndani ya mfuko wa mwenye timu ya soka, inageuka mtoto wa pili nyumbani: chakula kikitosha hula, kikipungua huambiwa asubiri. Soka ndiyo inayoleta watazamaji, matangazo na sifa, kwa hiyo siku timu ya soka inapofungwa mechi tano mfululizo, au siku biashara ya mwenyewe inapoyumba, bajeti inayokatwa kwanza ni ile ya mchezo wenye mashabiki wachache. Wala kuwa na tajiri wa raga peke yake si kinga. Worcester Warriors na Wasps, klabu mbili za daraja la juu nchini Uingereza, ziliwekwa chini ya wafilisi mwezi Septemba na Oktoba 2022, na London Irish ikafuata mwaka 2023. Zote tatu zilikuwa zikiishi kwa fedha za wamiliki na mikopo, na fedha hizo zilipokatika hakuna baraza la wanachama lililokuwa na nguvu ya kuziokoa klabu hizo.

Wasomaji wa mwambao wanaofuatilia ligi ya soka ya Tanzania wana mfano wa karibu zaidi katika Simba ya Dar es Salaam. Klabu hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1936, ilikuwa ya wanachama mpaka mwaka 2017 walipokubali kuingia katika mfumo wa hisa, yaani mali ya klabu kugawanywa katika sehemu zinazoweza kununuliwa, na mfanyabiashara Mohammed Dewji akatangazwa kuwa mwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20 za Tanzania. Serikali ilisimamia kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na upande wa uwekezaji usizidi asilimia 49. Simba ilitwaa ubingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na mwaka 2019 ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Hata hivyo miaka hiyohiyo ilijaa mabishano ya hadharani kuhusu namna na wakati wa kulipwa kwa zile bilioni 20. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mabishano hayo yaliwezekana: mwanachama alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu klabu haikuwa imeuzwa yote. Ujerumani ilifikia busara ya namna hiyo mwaka 1998, ilipoweka kanuni kwamba, isipokuwa kwa klabu chache zilizoruhusiwa mahususi, wanachama lazima wabaki na nusu ya kura na kura moja zaidi, hata mwekezaji awe tajiri kiasi gani.

Upo mfano unaoonekana kupinga hoja hii. Klabu ya soka ya TP Mazembe ya Lubumbashi nchini Kongo, chini ya Moïse Katumbi aliyeanza kuiongoza mwaka 1997, ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, na hata Katumbi alipoishi nje ya Kongo kuanzia mwaka 2016 kwa sababu za kisiasa, klabu haikuanguka, bali ilichukua Kombe la Shirikisho mwaka huo na mwaka uliofuata. Lakini Mazembe ni klabu kubwa ya mji wa migodi, na Kigwena ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa michikichi. Kinachovumilika Lubumbashi kwa miaka mitatu kinaweza kuua klabu ndogo kwa miezi mitatu. Kwa klabu ndogo za Afrika Mashariki kipimo kilicho karibu zaidi ni kile cha Kenya mwaka 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa katika udhamini baada ya kukosa leseni, na klabu kongwe za Gor Mahia na AFC Leopards, zenye mashabiki wasiohesabika, zikabaki bila mdhamini mkuu kwa siku moja.

Raga ya Kenya yenyewe inaonyesha njia nyingine ya fedha kuingia. Kabras Sugar ya Kakamega, iliyotwaa Kombe la Kenya mwaka 2016 na tena mwaka 2022, inategemea kiwanda cha sukari kilicho katika eneo lilelile ambalo miwa yake hulimwa. Huo nao ni utegemezi, ila fedha zake zina mizizi katika ardhi ambayo mashabiki wanalima, na kiwanda hakihami kirahisi kama mtu. Mwambao wa Rumonge una mawese yake, una ndagala na mukeke wa ziwani, una wafanyabiashara wa bandari. Haujapata kuulizwa kwa uzito kama unaweza kuchangia klabu yake bila kumsubiri mfalme mmoja.

Burundi nayo si ngeni kwa timu zinazosimama kwa jina la mkubwa. Marehemu Rais Pierre Nkurunziza alikuwa na timu yake, Haleluya FC, na Aigle Noir ya Makamba, iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 2019, ilihusishwa kwa karibu na Révérien Ndikuriyo, ambaye alikuwa Spika wa Seneti na rais wa shirikisho la soka. Timu hizo ziliwapa vijana wengi kazi na furaha, na hakuna sababu ya kuzidharau. Hata hivyo timu inayosimama kwa jina la mkubwa haimhakikishii mwananchi wa kawaida nafasi katika mkutano wa kuhesabu fedha za timu hiyo.

Liko jambo moja ambalo watu wa Rumonge wanalijua kuliko watu wa Newcastle, nalo ni ardhi. Matukio ya Aprili 1972, ambayo yalianzia katika mwambao huu na kufuatiwa na mauaji makubwa nchini kote, yaliwakimbiza maelfu ya watu hadi Tanzania, na waliporudi miongo kadhaa baadaye wengi walikuta mashamba yao yakikaliwa na wengine au yameingizwa katika mashamba makubwa ya michikichi. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa mwaka 2006 na kumaliza muda wake mwaka 2022, ilisikiliza mashauri mengi kutoka sehemu hii ya nchi. Kwa hiyo mkazi wa Kigwena hahitaji kufundishwa kwamba swali kuu juu ya klabu halihusu jezi wala kombe. Ni hili: uwanja umeandikwa kwa jina la nani? Uwanja wa raga unachukua eneo linalofikia mita 100 kwa 70 bila kuhesabu sehemu za nyuma ya magoli, na katika mwambao mwembamba uliobanwa kati ya milima na ziwa, wenye msitu wa hifadhi ambao haupaswi kuguswa na ufukwe ambao mafuriko ya ziwa yameuvamia katika miaka ya karibuni, eneo tambarare la ukubwa huo ni mali ambayo thamani yake itapanda iwe raga inachezwa au haichezwi. Tajiri anayenunua klabu yenye uwanja ananunua uwanja. Klabu anaweza kuiacha ife.

Kwa sababu hizo wito unatolewa kwa wakazi wa Kigwena na vilima jirani, kwa wavuvi, wakulima wa michikichi, walimu, vijana wanaocheza na wazazi wanaohofia mifupa ya watoto wao, na kwa wenyeji wanaoishi Bujumbura, Kigoma na Uvira. Klabu ya raga iandikishwe kuwa shirika lisilo la faida chini ya sheria ya mwaka 2017, ili iwe na katiba, mkutano mkuu na uongozi unaochaguliwa, badala ya kuwa kundi la marafiki wa mtu. Ada ya uanachama iwe ndogo kiasi kwamba mpakua samaki ailipe bila kukopa, na iweze kulipwa kidogokidogo kama inavyofanyika katika vikundi vya kuweka na kukopa. Uwanja utafutwe juu ya barabara, mbali na maji, na uombewe cheti katika ofisi ya ardhi ya tarafa, iliyowekwa kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2011, kwa jina la shirika na si la mwenyekiti. Ianzwe kwa timu ya watu 7, wavulana na wasichana, kwa kuwa mtindo huo unahitaji wachezaji wachache na mechi yake huchukua vipindi viwili vya dakika 7, na muuguzi awepo kila mechi hata kama jezi hazijapatikana.

Mwenye timu ya soka atakapokuja, asifukuzwe. Apewe nafasi ya udhamini kwa mkataba ulioandikwa, wa miaka inayojulikana, unaomlazimisha kutoa taarifa ya mwaka mzima kabla ya kujiondoa. Na kama sheria na wanachama wataruhusu hisa, sehemu yake ibaki chini ya nusu, huku jina, rangi na uwanja vikiwekwa nje ya mkataba wowote wa mauzo. Akikubali masharti hayo, atakuwa amethibitisha kwamba anaipenda raga. Akiyakataa, wakazi watakuwa wamejua mapema alichokuwa akikitafuta. Mkutano wa kwanza wa wanachama uitishwe na watu wa Kigwena wenyewe, kabla ya mnunuzi yeyote kuuitisha, na wenye timu za soka waalikwe kama wakazi wengine, kwa ada ileile na kura moja kila mtu.